Zilipendwa za Chini ya Ringi

Wiki ile ile Daraja la Kigongo–Busisi lilipozinduliwa, Juni 2025, mpwa wangu aliniamsha saa tisa usiku. Kwetu Butimba saa hizo hata mbwa wameshachoka kubweka, na mtu akigonga mlango unajua ni msiba. Nikaruka kitandani nikiuliza nani. "Hakuna mtu, mjomba. Geimu ya saba inaanza."

Oklahoma City dhidi ya Indiana, fainali ya NBA, mechi ya mwisho ya msimu mzima. Alikuwa na simu mkononi na bando alilolinunua kwa hela ambayo nilishuku ilikuwa ya madaftari, ila sikuuliza. Tukakaa sebuleni taa imezimwa ili tusimwamshe mama yake. Nikaangalia robo ya kwanza. Wachezaji wanakuja mbio, wanasimama mbali kule kama wanaogopa ringi, wanarusha. Mpira unagonga chuma. Wengine wanakuja mbio upande wa pili, wanasimama mbali, wanarusha.

"Hiki siyo kikapu," nikasema. "Hawa wanarusha mawe."

Kijana hakubisha, maana ana adabu. Aliuliza tu: "Kikapu ni kipi sasa, mjomba?"

Basi nikamhutubia. Nikamtajia Hakeem Olajuwon, Patrick Ewing, David Robinson, Dikembe Mutombo, Shaquille O'Neal. Nikamwambia zamani mtu alipata pointi zake kwa jasho, chini ya ringi, mgongo kwa mgongo, viwiko kwa viwiko. Nilihutubia mpaka mapumziko. Oklahoma wakaja kushinda 103 kwa 91, nami nikarudi kulala nikiwa nimeridhika na hotuba yangu.

Asubuhi, ndani ya daladala tukiteremka Mkuyuni, mambo mawili yakanijia kwa pamoja. La kwanza: kila jina nililolitaja usiku ni la senta. Hata Michael Jordan sikumtaja, mtu ambaye sura yake tuliivaa vifuani miaka kumi. La pili lilinisumbua zaidi. Katika wale watu wote niliowasifia kwa kijana, hakuna hata mmoja niliyewahi kumwona, enzi zake, akicheza mechi nzima toka mwanzo hadi mwisho.

Niseme jinsi NBA ilivyotufikia sisi wa huku Ziwani. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994. Kabla ya hapo, na kwa miaka kadhaa baadaye kwa sisi tusiokuwa na runinga nyumbani, kikapu cha Marekani kilikuja kwenye kanda za video. Kwetu zilipitia Nairobi, kwa jamaa waliokuwa wakifuata biashara kule. Ukilipa kiingilio unakaa kwenye benchi ndani ya kibanda chenye joto, mwenye kibanda anasukuma kanda kwenye deki, na kwa saa moja unaona danki baada ya danki, mitupo inayozuiwa mpaka mpira unaenda kwa watazamaji, pasi za nyuma ya mgongo, na muziki juu yake. Mpira haugongi chuma hata mara moja. Hakuna mitupo huru inayokosa. Hakuna timu inayoomba mapumziko mara tatu ndani ya dakika moja.

Njia ya pili ilikuwa mitumba. Pale Mlango Mmoja, belo likifunguliwa, ungeweza kuokota fulana ya Chicago Bulls, jaketi la Charlotte Hornets lenye zambarau iliyopauka, kofia ya timu ambayo hakuna aliyejua ni ya mji gani. Mimi nilivaa jezi ya Orlando miaka mitatu kabla sijajua Orlando ni timu. Enzi ile ilitufikia ikiwa imeshavaliwa na watu wengine, ikafuliwa, ikafungwa kwa mikanda, ikasafiri baharini. Ndiyo maana miaka ya tisini kwetu ilichelewa kuisha. Wamarekani walikuwa wameshamzoea Kobe Bryant, sisi bado tunabishana kama Jordan atarudi.

Kwa hiyo ninapomwambia mpwa wangu kikapu cha zamani kilikuwa kitamu, nalinganisha vitu viwili visivyolingana. Upande mmoja ni kanda ya vipande bora vya ligi nzima. Upande wa pili ni mechi kamili, yenye faulo zake na uchovu wake, ninayoiona kwenye kioo cha simu kilichopasuka kona, saa tisa usiku, nikiwa na usingizi.

Sasa ukiichukua ile ligi yenyewe, siyo kanda yake, utakuta mambo ambayo wapenzi wa zilipendwa hatuyapendi. Tarehe 7 Juni 1998, mechi ya tatu ya fainali, Chicago waliifunga Utah 96 kwa 54. Pointi 54, dakika 48, fainali, timu yenye Karl Malone na John Stockton. Msimu uliofuata, ule uliofupishwa na mgogoro wa mishahara, timu za NBA zilifunga wastani wa pointi 91.6 kwa mechi. Siku hizi wastani unapita 110. Ligi yenyewe iliona watu wanasinzia ikaanza kubadili sheria. Tangu msimu wa 2001–02 iliruhusu kukaba eneo, na tangu 2004 ikambana beki anayemshikilia kwa mkono mtu anayedundisha mpira. Hawa tunaowaita walaini, sehemu kubwa ya ulaini wao iliandikwa na wazee kwenye kikao ili wazee wenzao waendelee kununua tiketi.

Na mitupo ya pointi tatu, hiyo tunayoilaumu kama ugonjwa wa juzi, iliingia NBA msimu wa 1979–80. Mwaka huo kila timu ilirusha wastani wa chini ya mara tatu kwa mechi, watu waliona ni mchezo wa sarakasi. Kufikia 2009–10 ilikuwa kama 18. Msimu wa 2024–25 ilikuwa zaidi ya 37. Mstari uko pale pale, ukiacha miaka mitatu katikati ya tisini ambapo ulisogezwa karibu. Kilichobadilika ni hesabu. Mtu mmoja alikaa akagundua kwamba anayepata mitupo minne kati ya kumi ya mbali ana pointi 12, na anayepata mitano kati ya kumi ya karibu ana 10. Hesabu ya darasa la nne. Ilichukua miaka 30 kuingia vichwani mwa makocha, na mimi mwenyewe haijaniingia moyoni mpaka leo.

Lakini nirudi kwenye ma-senta, maana ndipo dukuduku langu lilipo.

Kwa nini niliwataja hao tu? Nadhani jibu ni rahisi na linauma kidogo. Mchezo wa zamani ulikuwa na kiti chenye jina letu. Kwenye zile kanda, Mwafrika aliyezaliwa na kukulia Afrika alikuwa mrefu, alikaa katikati, na alizuia. Manute Bol kutoka Sudan. Olajuwon kutoka Lagos, aliyekuwa golikipa kabla ya kushika mpira wa kikapu. Na Mutombo wa Kinshasa, aliyekwenda Georgetown akitaka kusoma udaktari, akaingia Denver mwaka 1991 akiwa chaguo la nne. Mwaka 1994 Denver, timu ya nane, iliitoa Seattle iliyokuwa ya kwanza, na ile picha ya Mutombo amelala sakafuni ameukumbatia mpira, mdomo wazi, tuliijua wote pale kibandani. Na kile kidole. Akizuia mtupo anakitikisa: hapana, siyo kwenye nyumba yangu. Mtaani kwetu tulikitikisa kidole kile mpaka kwenye foleni ya maji.

Hatukujua kudundisha mpira vizuri, viwanja vyetu vilikuwa na mashimo. Hatukujua kurusha, maana ukirusha ukakosa mpira unashuka mawe mpaka barabarani na wewe ndiye wa kuufuata. Ila urefu, bwana, urefu ulikuwepo. Kijana mrefu akipita, wazee walisema huyu apelekwe Marekani. Mchezo ule ulituahidi kwamba Mungu akikupa mwili, mengine utafundishwa mbele ya safari.

Mwaka 2009 ahadi hiyo ilitimia kwa Mtanzania. Ukiitazama leo tarehe kwa tarehe, ni kama mtu aliipanga.

Aprili 2009 Mutombo alikuwa na Houston, umri umeshapita 40, msimu wa 18. Katika mechi ya pili ya mtoano kule Portland goti likamkatika, akatoka amebebwa, akatangaza kwamba kwake kikapu kimekwisha. Mwezi Juni, Orlando ilifika fainali kwa mtindo mpya: Dwight Howard peke yake ndani, wanne wamemzunguka nje wanasubiri kurusha. Walifungwa na Lakers, lakini makocha waliona. Na tarehe 25 Juni, mjini New York, ndipo ilipofanyika drafti. (Siyo hii yetu ya vizibo vya soda chini ya mwembe. Ni ile shughuli ambapo timu za NBA huchagua vijana kwa zamu.) Wa kwanza alikuwa Blake Griffin. Wa pili, Memphis walimchukua Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam, kimo mita 2.21.

Mtanzania wa kwanza NBA, na chaguo la pili. Nakumbuka watu ambao hawakujua mpira wa kikapu una wachezaji wangapi wakimzungumzia kwenye vijiwe vya kahawa. Na hakupewa kwa huruma. Alikuwa amekaa miaka mitatu chuo kikuu cha Connecticut, akitajwa mara mbili kuwa mkabaji bora wa vyuo vyote Marekani. Msimu wake wa mwisho alizuia mitupo zaidi ya minne kwa mechi, na timu yake ikafika nne bora za nchi nzima.

Wa tatu alikuwa James Harden. Wa saba alikuwa Stephen Curry.

Ukitaka kumchokoza Mtanzania anayefuatilia kikapu, mtajie hiyo orodha. Wamarekani wameifanya kichekesho. Kila mwaka drafti ikikaribia lazima mtu aandike orodha ya makosa makubwa ya kuchagua, na jina la kijana wetu limo. Harden na Curry wote wamekuwa wachezaji bora wa ligi. Curry ndiye aliyeivunja ile nyumba ya Mutombo tofali kwa tofali: mwaka 2016 alimaliza msimu na mitupo 402 ya pointi tatu, idadi ambayo kabla yake isingefikirika. Yaani Mtanzania wetu wa kwanza alichaguliwa kwa ajili ya enzi iliyokuwa inafungasha mizigo, na aliyekuja kuifukuza alikuwa amekaa ukumbi ule ule akisubiri zamu yake.

Kwa miaka mingi hiyo ndiyo hadithi niliyoisimulia: Thabeet alizaliwa akachelewa. Angekuja 1991 angekuwa Mutombo. Mchezo ulibadilishwa wakati wetu ulipofika. Ni hadithi nzuri, ina utamu wa kuonewa, na ina ukweli ndani yake. Hebu tuanze na huo ukweli.

Mpaka 2001 NBA ilikataza kukaba eneo; kila mtu amkabe mtu wake. Senta akipewa mpira mgongo umeelekea ringi, wenzake wanasogea upande wa pili na wakabaji wao wanalazimika kuwafuata. Wanabaki wawili, mwili kwa mwili, na huo ndio mchezo niliokuwa nauhubiria usiku ule. Sheria ilipobadilika, watatu waliweza kumzunguka mkubwa mmoja. Hapo hapo ikaja sheria nyingine, ya sekunde tatu: mkabaji asisimame chini ya ringi yake zaidi ya muda huo kama hakuna mtu anayemkaba kwa karibu. Vyuoni sheria hiyo haipo. Thabeet akiwa Connecticut aliweza kusimama pale kama mnara wa taa na meli zote zikapita kwa heshima. Alipofika NBA aliambiwa asogee. Na aliposogea, timu pinzani zilimtumia mtu mfupi mwenye kasi, zikamsogeza mpaka nje kwenye mstari, na mtu wa mita 2.21 akaambiwa amfukuze kijana wa mita 1.88 anayeweza kurusha popote. Jaribu wewe.

Hata hivyo kuna mambo hadithi yangu ilikuwa inayaruka. Memphis ile ile iliyoshindwa kumtumia, ndiyo ikawa ngome ya mwisho ya kikapu cha zamani. Miaka iliyofuata ilishinda kwa miili ya wawili, Marc Gasol na Zach Randolph, na mwaka 2013 Gasol akawa mkabaji bora wa ligi. Kwa hiyo palikuwa na nyumba ya zamani, milango wazi, na kiti kilikuwa na mtu mwingine. Gasol hakuwa mrefu kumzidi wetu. Alijua kutoa pasi, alijua asimame wapi kabla mpira haujafika, mambo ambayo mtu hayapati mwilini. Thabeet alianza kucheza akiwa na miaka 15. Msimu wake wa kwanza alipelekwa ligi ya chini, chaguo la juu kuliko wote waliowahi kupelekwa huko kwa wakati ule. Akapita Houston, Portland, na Oklahoma City. Mechi 224 kwa jumla, wastani wa pointi 2.2.

Hapo mtu atasema Olajuwon naye alianza na miaka 15. Kweli kabisa. Na drafti ya 1984 inafanana na ya 2009 kuliko nilivyopenda kukiri: wa kwanza Olajuwon, wa pili mrefu aitwaye Sam Bowie, wa tatu Michael Jordan. Bowie miguu ilimsaliti, na mpaka leo anachekwa kwa kosa ambalo siyo lake, kosa la waliomchagua. Basi hata kwenye enzi ya dhahabu, enzi ya senta, mrefu aliyekuwa chaguo la pili alipotea na aliyefuata akawa mfalme. Enzi haikuwalinda warefu. Iliwapenda wachache waliofaulu, na zile kanda za video hazikuwa na kipande hata kimoja cha Sam Bowie.

Kwa kweli swali la kwa nini kijana wa Dar es Salaam ashike mpira kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 15 halijibiwi Memphis. Linajibiwa hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, miaka ile ile Thabeet alipokuwa anaanza, michezo ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, ilisimamishwa na serikali kwa miaka kadhaa, eti inawapotezea watoto muda wa masomo. Mimi nimekaa jirani na Chuo cha Ualimu Butimba, chuo kinachojulikana kwa kuwafundisha walimu wa sanaa na michezo. Walimu walikuwepo. Walitoka pale na filimbi zao wakaenda kwenye shule ambazo mashindano yamefutwa. Watu wa rika langu tukizungumzia kikapu cha zamani hatulitaji hilo. Tunalaumu pointi tatu.

Kuna jingine tusilolitaja, nalo silisemi ili kuwahuzunisha watu. Ukiniuliza mwaka mtamu kuliko yote kwenye kikapu nitakujibu haraka: 1996, Chicago, mechi 72 walizoshinda, 10 tu walizopoteza. Ila kwa mtu wa Mwanza 1996 siyo mwaka wa Chicago. Tarehe 21 Mei 1996, wakati huko Marekani mtoano unaendelea, MV Bukoba ilizama karibu na mji wetu ikiwa na mamia ya watu. Wengi wao wamelala Igoma. Mimi nilikuwa hapa. Nilisimama na watu wazima kando ya ziwa, nikaona waliyoyaona. Lakini nikisema "miaka ya tisini, bwana", kinachokuja mbele ya macho ni Jordan anaruka. Sijui akili inafanyaje kazi hiyo. Labda kanda zile tulizirudia mara nyingi, na yale mengine hakuna aliyetaka kuyarudia.

Usiku ule mpwa wangu hakunijibu kwa historia. Alinijibu baadaye, Jumapili, kwa vitendo.

Kijana ana miaka 16 na kichwa kinakaribia kugusa kizingiti cha juu cha mlango wangu. Tangu alipoanza kurefuka nimekuwa mwalimu wake wa Jumapili kwenye uwanja mmoja wa saruji hapa mtaani, wenye ringi mbili, moja imeinama. Somo langu ni moja: kaa chini ya ringi. Geuza mgongo. Omba mpira. Geuka, tia. Yeye akitaka kutoka nje arushe namwita arudi ndani. "Wewe ni mrefu, kazi yako iko hapa." Miaka miwili nimekuwa nikimfundisha kijana huyu kazi ambayo haitangazwi tena.

Na warefu hawakufukuzwa, hilo ndilo nililokuwa sitaki kuliona saa tisa usiku. Joel Embiid wa Yaoundé alikuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2023. Nikola Jokić, senta mzito wa Kiserbia aliyechaguliwa wa 41, ameupata mara tatu. Hawa ni warefu wanaorusha, wanaotoa pasi, wanaodundisha. Rudy Gobert naye yuko, mzuiaji wa aina ile ile ya Mutombo, amekuwa mkabaji bora mara nne kama Mutombo mwenyewe. Kazi ya chini ya ringi imebaki, ila nafasi zake ni chache na mshindani wake ni dunia nzima. Halafu kuna Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma, mtu ambaye angekaa kijiweni kwetu tungezungumza naye Kiswahili bila mkalimani. Mwaka 2021 alichaguliwa wa saba, nambari ile ile ya Curry, akapelekwa kwenye timu ile ile ya Curry, na mwaka uliofuata wakachukua ubingwa pamoja. Huyo siyo senta. Anacheza pembeni, anakimbia, anaruka, anarusha. Mtoto wa ng'ambo ya maziwa yetu, na hakuna aliyemwambia akae chini ya ringi.

Hata ramani imegeuka. Tangu 2021 kuna ligi ya vilabu vya Afrika, BAL, iliyoanzia Kigali. Kampala ilipeleka City Oilers mwaka 2023, Nairobi ikapeleka City Thunder mwaka 2025. Toka hapa Butimba, Kigali ni kama nusu ya safari ya Dar es Salaam, na sasa kuna daraja la kilomita kama tatu, hatupangi tena foleni ya kivuko pale Kigongo. Nilipokuwa na umri wa kijana huyu, kikapu cha kulipwa kilikuwa kitu cha ndani ya kanda. Yeye anaweza kupanda basi akakione na akarudi shule Jumatatu. Tena anajua ratiba ya mabasi.

Mutombo alifariki tarehe 30 Septemba 2024. Siku ile nilimwonyesha kijana video ya kile kidole. Alicheka, akaipenda, akakitikisa kidole chake mwenyewe. Halafu akaniuliza kama Mutombo alikuwa anaweza kurusha tatu. Nikamwambia hakuhitaji. Aliitikia kwa kichwa tu, kama vijana wanavyofanya wakiwa wamekuhurumia.

Basi Jumapili baada ya fainali nikafika uwanjani nikamkuta amechuchumaa na kipande cha mkaa. Uwanja wetu una mstari wa pointi tatu uliochorwa zamani, rangi imebaki kwa vipande, na ni ule wa mita 6.25. FIBA waliusogeza mpaka 6.75 mwaka 2010. Miaka 15 watoto wa hapa wamefanyia mazoezi mstari wa zamani, wakienda mashindanoni mipira inaishia njiani, na hakuna aliyejua kwa nini. Yeye alikuwa amejua. Alikuwa ameazima futikamba ya fundi seremala.

Nilitaka kumwambia mambo mengi. Kwamba nusu mita ni kitu kidogo. Kwamba mvua moja tu na mkaa wote umefutika. Akanipa ncha ya futikamba.

"Simama chini ya ringi, mjomba," akasema. "Katikati kabisa. Shika hapo, usisogee."